Kufunga mashine ya kunolea kwenye meza ya karakana iliyojengwa kwa mbao za paina

Mashine ya kunolea ya mezani, ile yenye mota katikati na mawe mawili ya duara pembeni, ambayo mafundi wengi wa Mbeya na Iringa huiita grenda ya mezani, hununuliwa kwa furaha na kufungwa kwa haraka. Nimeiona katika karakana kadhaa ikiwa imeshikiliwa kwa misumari miwili ya inchi 4 iliyokunjwa juu ya miguu yake, au kwa skrubu fupi zilizoishia katikati ya ubao, na mara nyingine haikufungwa kabisa, bali kijana mmoja anaikandamiza kwa mikono huku mwenzake akinoa panga. Ninaandika mwongozo huu kwa sababu kazi ya kuifunga inavyostahili haizidi nusu siku, vifaa vyake vinapatikana katika maduka ya kawaida ya vifaa vya ujenzi, na macho na vidole vya vijana wetu havina duka.

Mashine yenye mawe ya inchi 6, yaani milimita 150, inapotumia umeme wetu wa hezi 50 huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Ukipiga hesabu ya mzingo wa jiwe, utaona kwamba ukingo wake hupita mbele ya vidole vyako kwa mwendo wa karibu mita 23 kwa sekunde, ambao ni zaidi ya kilomita 80 kwa saa, mwendo wa basi la abiria lililokwisha kuondoka Mafinga na kushika njia ya Makambako. Kwa mwendo huo jiwe lisilokaa sawa hata kidogo hutikisa mashine nzima karibu mara 50 kila sekunde, na mtikisiko huo ndio unaolegeza nati, unaoacha mawimbi kwenye makali ya patasi, na unaoweza kuusogeza mkono wa mnoaji mahali ambapo hakukusudia uende.

Mbao za meza

Meza yangu ya kwanza ya kunolea niliijenga hapa Uyole mwezi wa Aprili, mvua zikiwa bado hazijakatika, kwa mbao za paina za inchi 2 kwa 6 nilizozishusha kwenye lori zikiwa bado zinanukia utomvu. Niliifunga mashine kwa bolti nne, nikakaza mpaka spana ikagoma, nikaridhika. Mwezi wa Julai, upepo mkavu wa kiangazi ukiwa umepiga wiki nyingi, kijana niliyekuwa nikimfundisha alisimama katikati ya kunoa akaniita, "Fundi, hebu njoo uone, mashine inatembea." Nilipoishika nati moja kwa vidole viwili tu, bila spana, ilizunguka. Kati ya washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu kinachokaa chini ya nati, na ubao palikuwa na nafasi ambayo kucha ya kidole gumba ilipenya bila shida.

Hakuna aliyezilegeza nati zile. Mbao ndiyo iliyopungua. Paina inayopasuliwa Mufindi, kutoka shamba la miti la serikali la Sao Hill na kutoka mashamba ya watu binafsi, mara nyingi hutufikia ikiwa mbichi, na mbao mbichi huanza kusinyaa pale unyevu wake unaposhuka chini ya takribani asilimia 30. Ubao wenye unene wa milimita 50, ukitoka hali hiyo hadi kukauka sawasawa kwa hewa ya nyanda zetu, unaweza kupoteza milimita moja na nusu ya unene wake. Ukiitazama kwa jicho ni kidogo, lakini bolti ya kawaida ya milimita 8 ina uzi ambao nati yake husogea milimita 1.25 tu kwa kila mzunguko mmoja kamili. Kwa hiyo ubao uliosinyaa milimita moja na nusu umeilegeza nati kwa zaidi ya mzunguko mzima bila mtu yeyote kuigusa. Washa ya springi, ambayo wengi huitegemea kama dawa ya kila kitu, haiwezi kuufuata ubao kwa umbali huo.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kufunga mashine huanza kwenye rundo la mbao. Nunua mbao za meza mapema, zipange chini ya paa palipo na upepo, weka fito kavu kati ya safu na safu ili hewa ipite, na ziache kwa miezi miwili au mitatu ya kiangazi angalau, zaidi kama ni mvua. Ili kujua kama zimekauka hakuna haja ya kifaa cha gharama. Kata kipande cha urefu wa kiganja kutoka katikati ya ubao mmoja, zibe ncha zake mbili kwa rangi nzito ili kisikauke upesi kuliko ubao wenyewe, kipime kwenye mizani ya duka, andika uzito kwa penseli juu ya kipande hichohicho, na ukirudishe kwenye rundo. Kipime tena kila wiki. Uzito utakapokuwa umeacha kushuka kwa wiki mbili au tatu mfululizo, ubao umefika pale ambapo hewa ya mahali pako inaweza kuufikisha. Mwenye haraka na aliye na fundi wa kuchomelea jirani anaweza kuukwepa usumbufu huu wote kwa kujenga fremu ya chuma cha engo na kuifunga mashine juu ya bamba la chuma, ambayo ni njia nzuri sana kama gharama yake unaimudu.

Umbo la meza

Meza ya kunolea isiwe benchi lako la randa. Benchi la randa limejaa maranda na vumbi la mbao, tena maranda ya paina yana utomvu unaoshika moto upesi, na jiwe la kunolea humwaga cheche kila linapoguswa na chuma. Jenga meza ndogo ya peke yake, upana wa sentimita 50 na urefu wa sentimita 70 unatosha, iweke karibu na dirisha au mlango wenye mwanga, na upigilie kipande cha bati juu ya meza na kingine ukutani nyuma ya mashine. Sakafu ya mahali hapo ifagiliwe kila siku kabla ya kunoa, na si baada yake tu.

Kimo cha meza hupimwa kwa mwili wa anayenoa. Simama wima, kunja mkono mpaka kigasha kiwe sambamba na sakafu, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Kitovu cha jiwe kikae kwenye kimo hicho au chini yake kwa vidole vitatu. Pima sasa kutoka chini ya miguu ya mashine hadi kwenye kitovu cha jiwe, utoe kwenye kipimo cha kwanza, na utapata kimo cha meza yako. Fundi anayeinama kwa nusu saa kunoa visu vya randa hukaribiza uso kwenye jiwe bila kujijua, na hilo ni jambo la hatari kuliko maumivu ya mgongo.

Miguu iwe ya 4 kwa 4, au mbili kwa nne zilizounganishwa mbilimbili, na kila upande uwe na mkingamo wa mshazari, kwa sababu miguu iliyosimama wima bila mshazari hucheza kama milango. Chini weka rafu, na juu ya rafu hiyo weka mfuko wa mchanga au mawe ya kilo 40 au 50. Mashine yenyewe ni nyepesi, ya inchi 6 mara nyingi haifiki kilo 12, na uzito huo wa chini ndio unaoimeza mitikisiko. Kama ukuta ni wa tofali za kuchoma au za saruji, ifunge meza ukutani pia kwa bolti za ukutani mbili. Ukishamaliza, isukume meza kwa kiganja kutoka kila upande. Ikiwa bado inayumba, usiendelee na hatua inayofuata hadi umepata sababu.

Kupima na kutoboa

Weka mashine juu ya meza kabla ya kupima chochote, na uisogeze mbele mpaka nyuso za mawe zilingane na ukingo wa meza au zitokeze kidogo. Watu wengi huiweka katikati ya meza kwa kuwa inapendeza machoni, kisha wanagundua kwamba mpini wa panga au wa jembe unagonga meza na hawawezi kupata pembe wanayoitaka. Hakikisha pia kwamba pande zote mbili kuna nafasi ya kupitisha ubapa mrefu bila kugusa ukuta.

Sasa chukua karatasi la boksi, liweke chini ya mashine, na uchore matundu ya miguu kwa penseli ndefu kutoka juu. Toa mashine, angalia kama alama nne zinaunda mstatili ulionyooka kwa kupima mishazari miwili, ambayo lazima iwe sawa, kisha ndipo uhamishe alama kwenye ubao kwa msumari. Karatasi hili litunze, kwani siku utakapobadilisha ubao litakuokolea saa nzima.

Toboa kwa biti ya milimita 9 kwa ajili ya bolti ya milimita 8. Bolti inayopita kwa kubanwa kwenye mbao hukataa kusogea mbao inaposinyaa, ikasababisha ufa unaofuata mkondo wa nyuzi. Bana kipande cha mbao chakavu chini ya meza mahali biti itakapotokea ili isirarue uso wa chini, na uisimamishe drili wima kwa kuweka skwea pembeni yake.

Urefu wa bolti uuhesabu, usiukisie dukani. Kwangu mguu wa mashine ulikuwa na unene wa milimita 10, mpira wa kuweka chini ya mguu huo 5, ubao 50, na bamba la chuma la chini ya ubao 4. Hiyo ni 69. Ongeza washa bapa mbili, milimita 3, washa ya springi milimita 2, nati mbili milimita 13, na uzi kidogo wa kutokeza. Jumla inafika 90, na bolti ya milimita 8 kwa 90 ndiyo niliyoinunua, pamoja na spana mbili namba 13, moja ya kushika kichwa na nyingine ya kukaza.

Bamba la chini nililolitaja ni jambo ambalo wengi huliacha, nami nalishikilia. Paina ni mbao laini. Ukikaza nati juu ya washa ndogo, washa inazama kwenye mbao kama kidole kwenye mkate, na unadhani umekaza kumbe unaibonyeza mbao tu. Chukua vipande viwili vya flati baa, yaani chuma bapa, ya upana wa milimita 40, kila kimoja kiwe kirefu kiasi cha kupita chini ya bolti mbili, vitoboe, na uviweke chini ya meza. Kani ya bolti itasambaa kwenye eneo kubwa, na ubao hautachimbika.

Juu ya meza, chini ya miguu ya mashine, weka mpira uliokatwa kutoka kwenye tairi chakavu, upande laini usio na kashata. Kabla ya mpira huo, isimamishe mashine juu ya ubao mtupu na uijaribu kona kwa kona kwa vidole. Ikicheza, ubao haujanyooka, nao upigwe randa, kwa maana kitako cha mashine nyingi ni chuma cha kuyeyusha, na chuma hicho kikikazwa juu ya uso uliopinda hakikunji, bali hupasuka.

Kukaza bolti

Ingiza bolti kutoka juu: washa bapa, mguu wa mashine, mpira, ubao, na chini bamba, washa bapa, washa ya springi, kisha nati. Zungusha nati zote nne kwa vidole mpaka zishike. Halafu kaza kwa spana kwa kuvuka, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, nyuma kushoto, kila moja nusu mzunguko kwa zamu. Simama pale mpira unapoanza kutokeza pembeni kwa unene wa shilingi. Mpira uliobanwa kupita hapo umegeuka kuwa kama mbao na haumezi mtikisiko tena. Mwisho weka nati ya pili juu ya ya kwanza, ishike ya kwanza kwa spana isigeuke, na uikaze ya pili dhidi yake.

Mawe na umeme

Mashine ingali haijachomekwa kwenye umeme, fungua kava za pembeni na utoe mawe. Nati ya jiwe la kushoto ina uzi wa kinyume, hivyo hufunguliwa kwa kuizungusha upande ambao kwa kawaida tunakaza. Nimeona watu wakiivunja ekseli kwa kulisahau hilo. Shika jiwe likining'inia kwenye kidole au kwenye kijiti, na uligonge taratibu kwa mpini wa mbao wa bisibisi, sentimita chache kutoka ukingoni, kulia na kushoto. Jiwe zima hulia kama kikombe cha udongo kizuri. Lenye ufa hutoa sauti butu, fupi, na hilo halina matumizi tena, livunje ili mtu mwingine asilikute akalifunga. Soma pia karatasi iliyobandikwa kwenye jiwe: idadi ya mizunguko iliyoandikwa hapo lazima ilingane na ile ya kibao cha mashine au iizidi. Karatasi hizo za pembeni zisibanduliwe, maana ndizo zinazofanya visahani vya chuma vilibane jiwe sawasawa.

Kiegemeo, kile kibao cha chuma mbele ya jiwe, kikae mbali na jiwe kwa milimita 3 na si zaidi. Nafasi ikiwa kubwa, ncha ya chombo huingia kati, ikavutwa chini, na jiwe likapasuka. Ninatumia shina la biti ya milimita 3 kama kipimo. Kile kiulimi cha juu cha kava kisizidi milimita 6 kutoka kwenye jiwe. Jiwe linavyolika kwa matumizi, vipimo hivi vyote viwili hupanuka, kwa hiyo virekebishwe kila mara, mashine ikiwa imezimwa.

Kwenye umeme nina ombi moja kubwa. Mashine nyingi za namna hii zina mwili wa chuma na waya wa nyaya tatu, na ule wa kijani na njano ni wa ethi, yaani wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Usiukate ili kuweka plagi ya miguu miwili, wala usiruhusu ile tabia ya kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kijiti ili plagi isiyo ya hapa iingie. Usitumie pia waya mwembamba wa extensheni uliozungushwa kwenye kibiringita. Mota hukosa nguvu wakati wa kuwaka, na waya wenyewe hupata moto. Soketi iwe mahali unapoifikia bila kupitisha mkono juu ya mawe. Na umeme unapokatika, jambo tunalolijua sote, zima swichi ya mashine papo hapo. Swichi ya kawaida hubaki imewashwa, umeme unarudi baada ya saa moja, na mawe yanaanza kuzunguka mbele ya mtu aliyekuwa anafuta vumbi.

Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, zungusha mawe kwa mkono mizunguko kumi na usikilize kama kuna kinachogusa. Vaa miwani ya kukinga macho, usivae glovu za kitambaa wala mikono mirefu inayoning'inia, simama pembeni mwa mashine na si mbele ya mawe, washa, na uiache izunguke dakika moja nzima. Jiwe lenye kasoro iliyofichika mara nyingi huvunjika katika dakika hiyo. Kisha weka juu ya meza chupa ya soda yenye maji nusu. Ukiona duara dogo dogo zinazotetemeka katikati ya uso wa maji, hilo ni la kawaida. Maji yakipanda na kushuka kando ya chupa, au chupa ikianza kusogea yenyewe, zima mashine na uanze kutafuta tena: kwanza jiwe, pengine linahitaji kusawazishwa uso wake kwa kifaa chake cha kulisugulia, kisha bolti, kisha miguu ya meza.

Siku inayofuata, kabla ya kazi, pitia nati zote nne kwa spana. Rudia baada ya wiki moja na baada ya mwezi. Kuanzia hapo mimi huzipitia mara mbili kwa mwaka, Juni mvua zikiwa zimekwisha na mbao zinaanza kusinyaa, na Desemba zinapovimba tena, ambapo wakati mwingine nati huwa imebana kupita kiasi na inahitaji kulegezwa robo mzunguko. Tarehe ya kila ukaguzi ninaiandika kwa penseli kwenye mguu wa meza, upande wa ndani ambako mvua ya dirishani haifiki, ili kijana atakayeikuta mashine siku nisiyokuwepo ajue nati zile zilishikwa lini kwa mara ya mwisho.